Mkunga Niliyemsomea Wasifu

Tangu nistaafu ualimu, kazi inayonifuata ni ya marehemu. Sikuitafuta. Ilianza jirani yangu hapa Nyasho, mjini Musoma, nahodha mstaafu wa meli, alipofariki. Wanawe walinijia na karatasi yenye mistari mitatu: kuzaliwa, kuoa, kuugua. Wakasema, Mwalimu, wewe Kiswahili unakijua, tutengenezee kitu cha kusoma. Nilikaa nao nikawauliza baba yao alipenda kula nini, alikasirishwa na nini, alikuwa anasemaje upepo ukibadilika. Nikaandika kurasa mbili, na siku ya maziko nikasimama kuzisoma. Baada ya hapo Musoma ikanijua. Diwani wa zamani, mwalimu wa kwaya aliyefundisha nusu ya makanisa ya mjini, mzee aliyewahi kuwa beki wa timu ya mkoa, hao wote wasifu wao niliuandika mimi. Miaka hii ya karibuni watu wakubwa wa kwetu wanaondoka kwa kufuatana, kama wameitana.

Watu hudhani kazi hiyo inanipa huzuni. Ukweli ni kwamba ilikuwa inanipa watu. Naishi peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu, na ninachokitumia ni kimoja. Msiba ukitokea, kwa siku mbili tatu nakuwa ndani ya nyumba yenye sauti, nakaribishwa uji, naulizwa kama nimekula. Kisha tunazika, viti vya plastiki vinapangwa juu ya gari, nami narudi Nyasho.

Nina mtoto mmoja, binti, anafanya kazi Dodoma. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa ananipigia simu. Ananiuliza presha, namuuliza kazi, tunaagana. Hatukuwahi kugombana hata mara moja. Nilijivunia jambo hilo, nikidhani ndiyo dalili ya malezi mema.

Asubuhi moja nilikuwa sokoni nachagua sato, simu ikaita namba nisiyoijua. Alikuwa kijana, au tuseme mtu mzima mwenye sauti ya ujana. Alinipa shikamoo, akasema anapiga kutoka Bunda, mama yake amefariki jana yake, na mchungaji mmoja amempa namba yangu. Akamtaja mama yake kwa jina ambalo mkoa mzima ulimwita kwalo, Mama Mkunga.

Nilimwambia muuza samaki anisubiri kidogo. Nikasogea pembeni, nikasimama karibu na magunia ya dagaa.

Si rahisi kumweleza mtu wa mbali jinsi mama yule alivyojulikana. Alizalisha Bunda, akazalisha kando ya ziwa, akarudi akazalisha tena Bunda watoto wa wale aliowazalisha mwanzo. Redio ya hapa iliwahi kumhoji. Wilaya ilimpa cheti. Alikuwa amewafundisha wakunga wa jadi kuchemsha nyembe na kunawa mikono wakati ambapo wenzake walikuwa wanawacheka wale bibi. Akipita sokoni, wanawake walikuwa wanamwachia nyanya bila yeye kuomba. Msiba wake ungekuwa mkubwa kuliko wa diwani yeyote.

Nami kwa zaidi ya miaka thelathini sikuwa nimempa salamu.

Nilipaswa kukataa. Mwandishi wa wasifu yuko mwingine Bunda, ningeweza kumtaja. Lakini nilimjibu yule kijana kwamba nitafika kesho yake saa nne. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sidhani ilikuwa huruma. Nafikiri nilitaka kuona, nikiwa na kalamu mkononi, ile siku yangu wataiandikaje.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa kijana, nafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja nje ya Bunda, nimeoa mwaka mmoja tu uliopita. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Mke wangu alishikwa na uchungu alfajiri, nikampakia kwenye baiskeli ya jirani, tukaisukuma watu wawili hadi kituo cha afya. Mama Mkunga hakuwa maarufu bado. Alikuwa nesi mwembamba wa rika langu, mwenye kofia nyeupe na mwendo wa haraka. Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita. Nilimsikia akilia, nikacheka peke yangu pale kwenye benchi.

Kisha mhudumu alitoka na beseni, akapita bila kunitazama, akarudi, akapita tena. Niliuliza kuna nini, akaniambia mama anatokwa na damu. Nilisimama mlangoni. Nikangoja nesi atoke anieleze. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauguza mgonjwa wake akaniambia, nesi ameshaondoka muda, amepita mlango wa nyuma na mkoba wake.

Sikuamini mpaka nilipoingia mwenyewe. Mke wangu alikuwa amelala, mhudumu yule mmoja akimkanda tumbo kwa mikono yote miwili, jasho likimtoka. Mke wangu alinitazama. Nadhani alisema jambo kuhusu maji. Alifariki kabla ya saa tisa.

Nilikuwa nimekaa chini uani wakati lori la pamba lilipoingia, na nesi akateremka kutoka mbele, kando ya dereva. Sare yake ilikuwa imejaa vumbi, nyuzi za pamba zimemnasa kichwani, mkoba begani. Nilichokiona mimi ni mtu aliyekuwa matembezini na amepata lifti. Nilimfuata nikamwambia mbele ya watu wote kwamba amemuua mke wangu. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki. Alisimama mpaka nikamaliza. Akasema, "Pole sana, Mwalimu." Kisha akaingia ndani.

Wiki mbili baadaye niliandika barua kwa wakubwa wake. Niliiandika vizuri. Ilikuwa pengine barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, haina tusi hata moja, kila sentensi inasimama. Niliandika kwamba aliitelekeza zamu na mgonjwa akiwa mahututi. Miezi michache mbele nikasikia amehamishiwa Murangi, kando ya ziwa, ambako wakati ule watumishi walikuwa wanapelekwa kama adhabu. Nikaona haki imetendeka. Mimi nikaomba uhamisho, nikarudi kufundisha karibu na kwetu Butiama, na mtoto akalelewa na mama yangu.

Nilifika Bunda saa nne kama nilivyoahidi. Turubai lilikuwa limeshafungwa na wanawake walikuwa wanapepeta mchele chini ya mti wa mwarobaini. Kijana aliyenipigia alinipokea kwa mikono miwili, akanishika mkoba, akanipeleka sebuleni kwa mama yake mdogo, mdogo wa marehemu, mwanamke mtu mzima aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na bahasha ya vyeti mbele yake. Walinishukuru kuja. Hakuna aliyenitambua.

Tukaanza kazi. Kijana alinipa karatasi moja moja, mimi naandika. Kuzaliwa. Shule. Chuo cha uuguzi. Kituo cha kwanza. Halafu akatoa barua ya uhamisho, iliyokunjika mara nne, rangi imebadilika. Niliisoma. Ilisema uhamisho unafanyika kufuatia malalamiko yaliyowasilishwa. Hakukuwa na jina la mlalamikaji.

Kijana akasema hapo tuandike tu kwamba alihamishwa kikazi, hakuna haja ya kuchokonoa. Nikasema vizuri. Nikaandika: alihamishwa kikazi.

Walinieleza habari za Murangi. Namna alivyokuwa akivuka kwa mtumbwi kwenda visiwani mwanamke akishindwa, na yeye mwenyewe hajui kuogelea. Namna alivyomkatalia mvuvi mmoja tajiri kumpeleka mkewe kwa mganga, akakaa mlangoni kwake mpaka yule mtu akakubali. Wote walicheka kidogo waliposimulia, kicheko kile cha msibani. Niliandika haraka. Yalikuwa mambo mazuri, na mwandishi ndani yangu aliyapenda, hata kama mtu mwingine ndani yangu alikuwa amekaa kimya.

Nilinyanyua macho kupumzisha shingo, nikatazama ukutani. Kulikuwa na picha za watoto wake, za ubatizo, za harusi. Pembeni ya kabati kulikuwa na picha ya msichana aliyevaa joho la kuhitimu chuo, anacheka, na Mama Mkunga amesimama kando yake amemshika kiuno. Msichana yule alikuwa binti yangu.

Siku ya mahafali ile mimi nilikuwa Musoma, naumwa malaria. Binti aliniambia kwenye simu kwamba hakuna shida, rafiki zake watakuwepo.

Nilimuuliza mama mdogo, kwa sauti ambayo nilijitahidi iwe ya kawaida, yule ni nani.

"Huyo ni mtoto wake wa Dodoma," akasema. "Hakumzaa, alimzalisha. Mama yake alifariki siku ile ile. Basi dada alikuwaga anamwendea huko Butiama kwa bibi yake, tangu akiwa mchanga. Alikuwaga anapelekaga maziwa ya kopo, baadaye nguo, baadaye vitabu. Baba yake alikuwa na hasira, kwa hiyo alikuwa anaenda siku ambazo baba yuko shuleni."

Nikamuuliza kama bibi wa mtoto alikuwa anajua.

"Angekosa kujua vipi? Si ndiye alikuwa anampikia?"

Mama yangu mzazi amekwishafariki, siwezi kumuuliza. Nilikaa pale na kalamu yangu, nikahesabu miaka. Nilikumbuka gauni la njano ambalo mama alisema limetoka kwa shangazi. Nilikumbuka mara moja nimerudi mapema kutoka shuleni nikakuta jikoni kuna sahani tatu, na mama akaniambia jirani alipita. Mambo madogo madogo, kila moja lilikuwa na maelezo yake, na mimi nilikuwa nimeyapokea yote bila kutaka kujua zaidi.

Mama mdogo akaendelea kwamba mtoto huyo wa Dodoma yuko njiani, atafika kesho asubuhi. Akaniuliza kama nimemaliza, chakula kiko tayari. Walinipa ugali wa mtama na nyama ya mchuzi. Nilikula mbele yao kwa adabu.

Nilichukua chumba kwenye nyumba ya wageni, nikauandika wasifu upya kwa mwandiko safi kabla jua halijazama. Simu ilikuwa mezani. Ningeweza kumpigia binti nikamwambia, niko Bunda, nimeona picha. Niliishika nikairudisha. Sikujua ningeanza na neno gani, mimi niliyezoea kuwaandikia wenzangu maneno.

Asubuhi nilimwona kabla hajaniona. Alishuka kwenye bodaboda nje ya boma, amevaa kitenge cheusi, ana begi dogo. Wanawake walimkimbilia wakamkumbatia, wakalia naye. Walimwita kwa jina ambalo sikujua kama analo, jina la utani la nyumba ile. Alilia kama mtoto wa marehemu. Alipojifuta macho akageuka, akanikuta nimesimama karibu na spika na karatasi zangu mkononi.

Akaja, akapiga goti kidogo kama bibi yake alivyomfundisha, akasema, "Shikamoo baba." Nikaitikia. Akaniuliza nimekuja na nani. Nikamwambia nimekuja kusoma wasifu.

Tulizunguka nyuma ya nyumba, mahali ambapo mabua ya pamba yalikuwa yamelundikwa kwa ajili ya kuni. Tuliketi juu ya gogo. Nilitegemea kwamba mimi ndiye nitakayeuliza na yeye ndiye atakayejieleza. Lakini yeye ndiye aliyeanza.

Aliniambia kwamba alipokuwa kidato cha pili alimuuliza Mama Mkunga waziwazi: ulikuwa wapi siku mama anakufa? Maana mimi nilikuwa nimemwambia toka utotoni kwamba nesi alimwacha mama yake. Na Mama Mkunga alimjibu. Gari la wagonjwa lilikuwa bovu. Damu ilikuwa haikati, dawa ya kuikata ilikuwa imekwisha kituoni. Mhudumu alikuwa hajui kuongea na watu wakubwa, angetumwa asingesikilizwa. Kwa hiyo alimwonyesha namna ya kukanda, akachukua mkoba wenye vitambulisho vyake, akapita mlango wa nyuma kwa sababu njia ya mkato kwenda kwenye gulio la pamba ilikuwa upande huo. Alikimbia. Lori lilikuwepo moja, na dereva alikataa kuondoka kabla halijashushwa pamba yote. Nesi alipanda juu akaanza kushusha marobota mwenyewe.

Kuku walikuwa wanachakura chini ya mabua.

Nikamuuliza kwa nini mama yule hakunieleza. Siku ile ile, au wiki iliyofuata, au alipoitwa kujibu barua yangu.

"Na mimi nilimuuliza hivyo," akasema. "Akaniambia barua ya mtu mwenye msiba haijibiwi."

"Na wewe? Miaka yote hii?"

Alikuwa anavunja vijiti vya mabua vipande vipande.

"Baba, wewe ulikuwa na mambo mawili tu," akasema. "Kazi yako na hasira ile. Niliogopa nikikuondolea moja utabaki na nini."

Aliniambia jambo moja zaidi, na hilo ndilo linalonirudia kuliko yote. Kwamba Mama Mkunga mwenyewe hakuwa na uhakika. Alikuwa amemwambia kwamba alichagua kukimbilia lori badala ya kubaki, na kwamba mpaka uzeeni alikuwa anajiuliza kama angebaki, mikono yake yenye uzoefu badala ya ile ya mhudumu, pengine damu ingekata. Kwa hiyo barua yangu hakuiona kama uongo mtupu. Aliiona kama swali lake mwenyewe, limeandikwa na mtu mwingine.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Kulikuwa na watu wawili duniani waliokuwa wakirudi kila siku kwenye ile saa ya mchana, mimi Butiama na baadaye Musoma, yeye Murangi na baadaye Bunda. Umbali wa safari ya asubuhi moja. Tungeweza kukaa kwenye benchi moja tukaulizana. Hakuna mtu mwingine ambaye angenielewa kama yeye, na sasa alikuwa kwenye sanduku sebuleni, na mimi nilikuwa nangoja zamu yangu kwenye ratiba.

Watu walikuwa wengi mno. Walijaza boma, wakajaza barabara, vijana walikaa juu ya mawe ya upande wa pili. Kabla ya wasifu, mwongozaji wa ratiba aliwaomba wote waliozaliwa mikononi mwa marehemu wasimame. Niliwaona wanasimama mmoja mmoja, wengine wana mvi, mwendesha bodaboda ameshika kofia yake, polisi mmoja mwenye sare, mama anayenyonyesha. Wakawa wengi kuliko waliokaa. Binti yangu alisimama mbele, katikati ya watoto wa marehemu.

Nikaitwa.

Nilisoma kama nilivyozoea, polepole, nikiwapa watu nafasi ya kuitikia. Nilipofika kwenye uhamisho, niliona maneno yangu, alihamishwa kikazi, yamekaa pale kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri. Nilisimama. Watu walidhani nimepotea mstari. Kijana wa marehemu akasogea kunisaidia.

Nikasema hivi, na sikuwa nimeandika: "Hapa imeandikwa alihamishwa kikazi. Si kweli. Alihamishwa kwa sababu ya barua ya malalamiko, na barua ile niliiandika mimi. Nilisema alimwacha mke wangu. Hakumwacha. Alikuwa amekwenda kutafuta gari. Sikuuliza, na yeye hakunijibu. Nimelijua hili leo asubuhi."

Hapakuwa na kelele. Nilitegemea pengine mtu atanishusha, au atanizomea, au mama fulani atalia kwa sauti. Spika ilikoroma kidogo. Mwongozaji wa ratiba alitazama saa yake, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa na safari, akanikaribia akaninong'oneza, "Endelea, Mwalimu." Nikaendelea. Nikasoma Murangi, visiwa, mtumbwi, cheti cha wilaya, ugonjwa, watoto na wajukuu. Nikaketi.

Kijana wa marehemu hakuniambia kitu mpaka tulipomaliza kuweka mashada. Alikuja akanishika mkono kwa muda mrefu, bila kuukaza. Akasema mama yake asingependa nitaje. Sikujua kama alikuwa ananifariji au ananilaumu, na nadhani hata yeye hakujua. Mama mdogo hakunisalimia tena siku ile. Nilimwona ananitazama kwa mbali akiwa amejifunga kanga kiunoni, na sikumlaumu.

Binti yangu alikuwa na siku mbili kabla ya kurudi kazini. Nilidhani atalala kwa wafiwa. Lakini aliniambia, twende Butiama.

Nyumba ya mama yangu ina mtu anayeiangalia, jamaa wa ukoo anayelima eneo lile na kuchunga ng'ombe wachache. Alitufungulia, akatuwekea viti nje, akaondoka kwenda kwenye mifugo yake. Kaburi la mke wangu liko nyuma ya zizi la zamani, limejengewa saruji, kando ya la mama. Tuling'oa majani. Mabasi ya wanafunzi waliokuwa wanakwenda makumbusho yalipita barabarani, watoto wakiimba, tukayasikia mpaka yakapotea nyuma ya mawe.

Binti alikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa zizi, akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza.

"Baba, mama alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilifungua mdomo. Mimi ni mtu wa wasifu. Nimewauliza wajane na yatima wa mkoa huu maswali hayo hayo, marehemu alipenda nini, alikasirishwa na nini, alichekaje. Nikaanza kumwambia kuhusu siku aliyofariki, kuhusu baiskeli, benchi, beseni. Akanikatiza kwa upole. Akasema hayo anayajua. Alitaka ya kabla.

Nikatafuta ya kabla.

Nilimkumbuka nesi vizuri kabisa. Kofia yake, mwendo wake, nyuzi za pamba kichwani, namna alivyoushika kiganjani ule mkanda wa mkoba nilipokuwa namtukana. Sauti yake ikisema pole sana, Mwalimu, ningeweza kuiga mpaka pumzi. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa nimemtazama yeye kila siku. Na mke wangu, aliyekuwa nyuma yake kitandani, nilikuwa nimemwacha afifie. Sauti yake sikuipata. Niliitafuta pale huku binti yangu akinisubiri, na haikuja.

Nilimwambia kweli. Nilisema, "Mwanangu, nimesahau mengi."

Hakukasirika. Akasema, basi niambie machache.

Nikamwambia kwamba mama yake hakupenda kichwa cha samaki, alikuwa ananipa mimi na kunidanganya kwamba ni heshima. Kwamba alikuwa na woga wa radi. Kwamba alikuwa anasoma magazeti ya kufungia vitumbua, anayakunjua, anayanyoosha kwa kiganja, na akikuta habari imekatwa katikati alikuwa ananiuliza mimi mwisho wake ulikuwaje, kama vile mwalimu lazima ajue. Mara nyingi nilikuwa nabuni. Kuna habari moja ya mtu aliyepotelewa na ng'ombe wake nilimbunia mwisho mzuri, na alifurahi siku nzima. Nilipofika hapo nilishangaa, kwani ng'ombe yule nilikuwa sijamkumbuka tangu tumzike mke wangu.

Binti alicheka. Aliuliza mwisho niliobuni ulikuwaje, nikamweleza. Jua lilikuwa limeshaelemea upande wa ziwa na jamaa wa ukoo alikuwa anarudisha ng'ombe. Tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa tukiwa tumekaa nje, tukisikia kengele ya fahali wake mkubwa.

Kesho yake nilimsindikiza kwenye basi. Alikuwa na kiti cha dirishani. Tulishikana mikono dirishani mpaka utingo akagonga bodi, na nilisimama pale stendi mpaka wapiga debe wakaanza kuniuliza naenda wapi.

Sasa simu zetu za Jumapili zimebadilika kidogo. Bado zinaanza na presha. Halafu ananyamaza, nami najua anangoja, na kama wiki hiyo nimepata jambo namwambia. Wiki nyingine sipati. Nakaa kwenye kile chumba kimoja ninachokitumia, nafunga macho, nagusa huku na huku kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na kinachokuja ni nesi na vumbi lake. Ninamwomba apishe. Siku nyingine anapisha, na nyuma yake namwona mwanamke kijana ameinamia kipande cha gazeti chenye mafuta, ananyoosha makunyanzi kwa kiganja. Hajanyanyua uso bado. Simwiti, nisije nikamshtua.